CA 19-9 ilisoma chini kabisa na kansa ilikuwa imeshatoka: kisa cha baba mdogo

Nafanya kazi maabara hapa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, mwaka wa 9 sasa, na hiki kisa nimekaa nacho muda kabla ya kukiandika kwa sababu mgonjwa mwenyewe ni baba mdogo wangu. Familia wamenikubalia niandike mradi nisitaje jina wala hospitali wala maabara. Nawaandikia wenzangu wa maabara na manesi, na zaidi nawaandikia watu wa nyumbani, yule mtoto ama shemeji anayetumwa kuchukua majibu alafu anasimama pale kaunta na karatasi yenye CEA na CA 19-9, vile vipimo vya damu vya viashiria vya kansa, anaambiwa "hizi ziko chini, kansa haijaenda popote". Sisi tuliambiwa hivo hivo. Ilikuwa imeshaenda.

Mgonjwa alikuwa na miaka 58, dereva wa malori zaidi ya miaka 20, Malaba mpaka Katuna mpaka Kigali. Ni Msamia wa Busia, akamuoa mama mdogo ambaye ni Munyankole wa Isingiro wakajenga hapa Mbarara, na Kiswahili ndo lugha ya nyumba yao maana walipokutana hakuna aliyejua lugha ya mwenzake na watoto wakakua nacho. Sigara aliacha zamani. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa analalamika chembe ya moyo inamuuma na kila mtu njiani anamwambia ni alsa, si unajua madereva wanakula saa yoyote, kwa hio alikuwa ananunua omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa duka la dawa, anameza wiki mbili, maumivu yanatulia, anarudi barabarani. Hizo dawa zinaweza kutuliza hata kidonda cha kansa kwa muda, mtu anapata nafuu ya kweli kabisa na haoni sababu ya kuingizwa kamera.

Kilichomshtua mama mdogo ni mkanda. Alimwona anatoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, baada ya wiki kadhaa akatoboa lingine. Matoke akila vipande viwili anasukuma sahani anasema ameshiba, na mtu mwenyewe ni yule ambaye zamani ulikuwa unampakulia mara mbili. Alafu choo kikawa cheusi kama lami. Tulipompima hemoglobini ikatoka 8.4, na seli nyekundu zilikuwa ndogo ndogo, ile sura ya mtu anayepoteza damu polepole kwa muda mrefu. Machi 2023 akaingizwa kamera, wakakuta kidonda kikubwa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula, kingo ngumu, na ukuta umekakamaa hautanuki hata hewa ikiingizwa. Vipande vilivyokatwa vikasoma adenokasinoma, yaani kansa inayoanzia kwenye seli za tezi, ile aina ya kusambaa ndani ya ukuta wa mfuko, yenye seli za umbo la pete ya muhuri.

Hapa kusini magharibi kansa ya tumbo si ugeni, madaktari wameandika tangu zamani kwamba tunaiona zaidi kuliko sehemu nyingi za Uganda, na bakteria wa Helicobacter pylori ambaye shirika la utafiti wa kansa la WHO lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya uhakika tangu 1994 yuko kwenye matumbo mengi sana huku. Sitakaa sana hapo. Kisa chetu kinaanzia kwenye swali lililofuata.

Swali lilikuwa moja tu: imetoka nje ya mfuko ama bado imo ndani? Na si swali la udadisi. Kama imo ndani na kwenye tezi za karibu, mgonjwa anapewa kemo, anapasuliwa, anatolewa mfuko wote ama sehemu, anapewa kemo tena, na kuna tumaini la kupona. Kama imeshafika kwenye ini au kwenye ule utando mwembamba unaofunika matumbo na kuta za tumbo kwa ndani, kumtoa mfuko hakumsaidii, unamwongezea maumivu na wiki za kulala hospitali wakati wiki zenyewe ziko chache. Kwa hio jibu la swali hili ndo linaamua kisu kinashikwa ama hakishikwi.

Kabla hata ya kupiga skani, jamaa mmoja wa familia mwenye nia nzuri akasema Kampala kuna maabara inauza kifurushi cha "kansa mwili mzima", unatoa damu mara moja unajua kila kitu. Wakaenda wakalipa laki tatu na nusu. Majibu: CEA 3.1, CA 19-9 chini ya kiwango cha mashine kusoma, AFP 2.4. Chini ya karatasi mtu akaandika kwa kalamu kwamba hakuna dalili ya kuenea.

Karatasi ikapigwa picha ikaingia kwenye grupu la familia na watu wakashukuru Mungu, na mimi mwenyewe niliiona nikashukuru, niliangalia namba na mipaka pembeni, CEA chini ya 5, CA 19-9 chini ya 37, nikasema haya, tuko vizuri. Kilichofuata ndo kinaniuma mpaka leo. Kwa kuwa "haijaenea", ikaonekana hakuna haraka. Baba mdogo akasema asubiri mahindi yauzwe ndo skani ilipwe vizuri, kaka zake wakakubali, mama mdogo hakutaka lakini karatasi ilikuwa imemnyamazisha. Wiki 7 zikapita.

Sasa tuichambue ile karatasi, moja moja.

CEA ni protini iliyogunduliwa 1965 kule Montreal na Phil Gold na Samuel Freedman, wakati ule wakiangalia kansa ya utumbo mkubwa. Kwenye kansa ya tumbo inapanda kwa watu wachache kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 2014 Wajapani, ambao hii kansa wanaijua kuliko karibu watu wote duniani, walikusanya tafiti nyingi pamoja wakakuta kwamba ukichukua wagonjwa wa hatua zote, CEA iko juu kwa kama 21 kati ya 100, CA 19-9 kwa kama 28, na CA 72-4 kwa kama 30. Geuza hizo namba uzitazame upande wa pili: watu karibu 80 kati ya 100 wana kansa ya tumbo kabisa na CEA yao iko "sawa". Ni kweli kadri ugonjwa unavyosonga ndo namba zinavyopanda, na CEA ikiwa juu sana unaanza kuwaza ini, lakini ikiwa chini haijakwambia chochote. Iliyo juu inaongea, iliyo chini imenyamaza tu, na kunyamaza kwake si ushahidi kwamba nyumbani hakuna mtu.

AFP, protini nyingine inayopimwa kutafuta kansa hasa ya ini, naipitia haraka. Kuna aina chache za kansa ya tumbo zinazotoa AFP na hizo hupenda kwenda kwenye ini, lakini kwetu hapa AFP ikiwa juu kitu cha kwanza unachowaza ni ini lenyewe na hepatitisi B. Yake ilikuwa chini, haikusema kitu.

CA 19-9 ndo penye kisa. Watu wanadhani ni uchafu unaotoka kwenye kansa. Ni sukari ya aina fulani inayokaa juu ya seli, Koprowski na wenzake kule Philadelphia ndo waliitambua 1979, na ili mwili uitengeneze unahitaji kimeng'enya kile kile kinachotengeneza kundi la damu la Lewis. Wote tunajua A, B, O na Resasi, lakini kuna makundi mengine mengi na Lewis ni mojawapo. Mtu ambaye kwa kuzaliwa hana hicho kimeng'enya hawezi kutengeneza CA 19-9, ama anatengeneza kidogo mno, hata kansa ijae mwili mzima. Kwa wazungu watu hao ni kama 5 hadi 10 kati ya 100. Kwetu watu weusi ni wengi zaidi ya hapo, ukifanya kazi benki ya damu mtu wa namna hio si ajabu kabisa.

Na ile karatasi ilikuwa imetuambia wazi, hatukuisoma. Haikusema 9 wala 15 wala 22. Ilisema chini ya kiwango cha mashine kusoma. Mtu mzima ambaye mwili wake unaweza kutengeneza hii sukari kwa kawaida huwa na chochote kitu kwenye damu. Ukikuta hakuna kabisa, jambo la kwanza la kujiuliza ni kama huyu mtu ana uwezo wa kuwa nayo. Baadaye nilimwomba rafiki wa benki ya damu akapima seli zake kwa antisera za Lewis, yaani dawa za kupimia kundi hilo, ya Lewis a na ya Lewis b, zote mbili zikatoka hasi. Nasema kwa uangalifu kwamba kipimo hicho cha seli nyekundu kinaweza kupotosha kwa mtu ambaye tayari ana kansa, kwa hio peke yake hakitoshi kuapa, lakini CA 19-9 yake tuliipima tena mara mbili kwa mashine yetu na mara zote mbili hakuna kitu, na hapo picha inajifunga. Kile kipimo kwa baba mdogo kilikuwa sawa na kumuuliza bubu kama ameona mwizi alafu ukimya wake unauandika kama ushahidi.

Wiki ya 8 tumbo likaanza kujaa kidogo jioni, ndo wakaenda kupiga skani. Katikati ya Mei. Skani ilisema ukuta wa mfuko umenenepa, tezi chache za karibu zimevimba, ini safi, mapafu safi, na chini kabisa kwenye nyonga kuna maji kidogo. Hitimisho: hakuna kuenea kunakoonekana.

Kwa watu wa nyumbani hizo zilikuwa karatasi mbili zinazosema kitu kimoja. Lakini daktari wa upasuaji aliyepewa hio skani alisoma lile neno la maji kidogo akasimama hapo. Mwanaume wa miaka 58 kwa kawaida hana sababu ya kuwa na maji kwenye nyonga. Aliandika fomu ya maabara: albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), damu kamili, CA 125.

Fomu ilipofika kwetu mwenzangu akataka kuirudisha, akasema daktari amekosea, CA 125 ni ya wanawake, ya ovari. Na mama mdogo pia aliniuliza hivo hivo, "hio si ya akina mama?" Naelewa wametoa wapi. Ilipotambuliwa 1981 ilikuwa ni kwa ajili ya kansa ya ovari na mpaka leo kazi yake kubwa ni hapo. Lakini protini yenyewe inatengenezwa pia na seli za ule utando wa ndani wa tumbo, na utando huo mwanaume anao kama mwanamke. Ukisumbuliwa, na kitu chochote kile, unaitoa. Kwa hio kwenye kansa ya tumbo CA 125 ina kazi ambayo CEA na CA 19-9 haziifanyi vizuri, inakunyooshea kidole kwenye utando, na utando ndo mahali ambapo aina hii ya seli za pete hupenda kwenda na ndo mahali ambapo skani hukosa. Vipele vya milimita 2 au 3 vikiwa vimetapakaa juu ya matumbo, skani inapita juu yake haivioni.

Yake ilitoka 146. Mpaka ni 35. Albumini 29, chini.

Hapa nataka tutulie kidogo maana kosa la pili lilikuwa karibu kutokea, na hili lingetokea upande wa pili. Namba ilipoingia kwenye grupu watu wakalia, mmoja akaandika basi imeenea tumwombee. Hapana. CA 125 inasema utando umesumbuliwa, haisemi umesumbuliwa na nani. Kwetu hapa TB ya tumbo inapandisha CA 125 vizuri tu, mpaka mamia, na inaleta maji, na inakondesha, na inashusha albumini, na TB inatibika. Ini lililoharibika likijaza maji nalo linapandisha. Mtu angeweza kuwa na kansa ambayo bado imo ndani ya mfuko na TB ya utando kwa wakati mmoja, na ukimnyima upasuaji kwa sababu ya 146 utakuwa umemuua kwa karatasi kama vile angeuawa na ile ya kwanza.

Pia kulikuwa na jambo la damu kamili. Mtoto wa shangazi yangu yuko chuo, kijana makini, alisoma kwamba ukigawanya neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu, unapata uwiano ambao ukiwa mkubwa kansa ina uwezekano wa kuwa imesonga. Ni kweli tafiti ziko, na nyingi zinatoka China, Japani, Korea. Akachukua neutrofili 1.9 akagawa kwa 1.4 akapata kama 1.4 akaniandikia, "dada, iko chini, si ni dalili nzuri?" Nikamjibu hio mipaka haikupimwa kwa damu yetu. Watu wengi wa Afrika hatuna alama ya Duffy kwenye seli nyekundu, ndo hio hio inayofanya malaria ya vivaksi isituingie kirahisi, na mtu wa namna hio neutrofili zake za kawaida kabisa, akiwa mzima, ziko chini kuliko za Mjapani. Ukianza na namba ndogo juu, uwiano utakuwa mdogo tu hata mambo yakiwa mabaya. Ongeza malaria, ongeza maambukizi ya wiki iliyopita, na ule uwiano unapanda na kushuka kwa sababu ambazo hazihusu kansa. Siupingi, kwa mtu mmoja yuleyule kwa muda unaweza kukuonyesha mwelekeo, lakini kuutumia mara moja kuamua kama kansa imetoka, hapana.

Kwa hio tukawa na nini mkononi? Kipimo kimoja bubu, vingine viwili vilivyonyamaza, uwiano usio wetu, skani isiyoona vipele, na CA 125 moja inayosema kuna kitu kwenye utando nenda kaangalie. Na hio "nenda kaangalie" ndo kazi yote ya damu kwenye kisa hiki. Daktari wa upasuaji akaikubali hivo hivo. Alisema, nakumbuka maneno yake, "sikati mpaka nimeona kwa macho," akampangia kuchunguliwa kwa kamera ya kupitia kitovuni kabla ya kitu kingine chochote.

Wakauza ng'ombe wawili, tukakodi gari mpaka Kampala maana basi asingeliweza. Juni. Tundu dogo kitovuni, kamera ikaingia. Utando ulikuwa na punje nyeupe kama ulezi uliomwagika, upande wa kulia chini na juu ya utumbo. Daktari alikuwa mkweli, alituambia kwa macho hawezi kutenganisha punje za TB na punje za kansa, zinafanana, akakata vipande vitatu, akaosha tumbo kwa maji ya chumvi akayachukua hayo maji yakatafutwe seli, na sehemu nyingine ikapelekwa kupimwa TB. Tukasubiri siku 9. Mama mdogo alikuwa anaomba iwe TB. Sijawahi kumsikia mtu akiomba apewe TB kabla ya hapo na nilielewa kabisa.

Ilikuwa kansa. Seli za pete kwenye vipande viwili kati ya vitatu, na kwenye maji ya kuosha. TB hasi. HER2, protini ambayo baadhi ya kansa huwa nayo nyingi juu ya seli, nayo hasi, maana yake ile dawa ya kulenga HER2 haikuwa njia yetu.

Hakupasuliwa. Hili watu wa Busia liliwachukua muda kulikubali, walimuuliza baba mdogo kwa simu kila siku kwa nini madaktari wamemwacha na kidonda ndani, na yeye ndo alikuwa anawaeleza, "kimeshamwaga mbegu nje, ukichoma gunia mbegu zimeshaota." Alianza kemo ya kapesitabini na oksaliplatini mwezi wa Julai, kila wiki 3.

Sehemu inayofuata ni ya kufuatilia na wenzangu wa maabara naomba muisome taratibu kwa sababu hapa damu ilifanya kazi nzuri. Sheria ya kwanza ni kwamba unafuata kile kiashiria kilichokuwa juu tangu mwanzo. Kumpima baba mdogo CA 19-9 kila mwezi ingekuwa kutupa pesa. Yake ilikuwa CA 125.

Lakini namba ya kuanzia kulinganisha ni ipi? Siku 12 baada ya ile kamera tulimpima ikawa 188 na watu wakashtuka. Kumbuka utando ulikuwa umetoka kukatwa vipande na kuoshwa, lazima utoe protini, kwa hio hio 188 sikuitumia, niliiandika pembeni na maelezo. Baada ya mizunguko miwili ya dawa ikawa 131, Oktoba 84, Novemba 39. Na mwili ulikuwa unakubaliana na namba, hilo ni muhimu, alikuwa anakula, mkanda ukarudi tundu moja nyuma, alianza kwenda stendi ya malori kukaa na wenzake.

Januari 2024 akiwa Kampala alijisikia homa, kliniki moja ikampima kila kitu na CA 125 ikatoka 62. Simu yangu ikaita usiku. Nikamwuliza mashine gani, hakuna aliyejua. Aliporudi nikampima kwa mashine yetu siku ya tatu ikawa 41. Hakukuwa na maajabu wala dawa iliyofanya kazi kwa siku tatu, mashine tofauti zinatumia kingamwili tofauti na zinatoa namba tofauti kwa damu ileile, ndo maana tunasema mgonjwa mmoja maabara moja. Na homa yenyewe ilikuwa malaria. Tangu siku hio alibeba kijidaftari, tarehe, namba, mashine, na pembeni kama alikuwa na homa. Mtu wa barabara, alizoea kuandika kilomita.

Februari 58. Tukarudia baada ya wiki mbili kabla ya kusema neno, 71. Machi 103. Altrasaundi ya Machi haikuona kitu, maji hakuna, anakula, anacheka. Wajapani waliandika kwenye ile kazi ya 2014 kwamba viashiria mara nyingi hupanda miezi 2 hadi 3 kabla ya picha kuona ugonjwa umerudi, na mimi nilikuwa naangalia jambo hilo kwenye kijidaftari cha baba mdogo. Mara moja ikipanda unaweza kusema homa, mashine, utando umekasirika. Mara tatu mfululizo, mashine moja, bila homa, hapo namba inasema.

Aliniuliza mwenyewe. Tulikuwa tumekaa nje kwake, akafungua ukurasa akaniambia, "mwanangu, hii barabara inapanda, si ndio?" Nikamwambia ndio baba, inapanda. Akauliza ana muda gani kabla ya kuanza kuumwa, nikamwambia sijui siku, lakini kama kuna jambo unataka kulifanya ukiwa umesimama kwa miguu yako, usilipeleke mbali.

Kuhingira, ile sherehe ya kumkabidhi bibi harusi, kwa binti yake mkubwa kulikuwa kumepangwa Agosti. Akaita wazee wa pande zote mbili akasema iwe Aprili. Upande wa bwana harusi walilalamika kidogo kuhusu ng'ombe na matayarisho, yeye hakuwaeleza sana, alisema tu Agosti ni mbali. Ikafanyika mwanzoni mwa Aprili, alisimama akamkabidhi binti mwenyewe, akala eshabwe, ile mboga ya samli ya Wanyankole, akaongea Kiswahili kirefu ambacho nusu ya wageni hawakukifuata na hakuna aliyemkatiza. Wiki mbili baadaye tumbo likajaa maji.

Najua watu wataniuliza vipimo vipya, vile vya kutafuta vipande vya vinasaba vya kansa vinavyoelea kwenye damu. Vinafanyiwa kazi na naviombea vifike, vinaweza siku moja kutuambia kabla ya kamera, lakini si kitu ninachoweza kumwambia mgonjwa wa Isingiro akakipime Jumatatu. Kinachopatikana kwetu leo ni hivi viashiria vya kansa vya kawaida, na kwenye maabara yetu tumebadilisha mambo mawili tangu kisa hiki. CA 19-9 ikisoma chini ya kiwango cha mashine, karatasi haitoki bila mstari unaosema huenda mgonjwa huyu hawezi kutengeneza kiashiria hiki, majibu yasitumike kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo wala haujaenea. Na fomu ya CA 125 ya mwanaume hairudishwi tena kwa daktari.

Alijaribiwa dawa ya mstari wa pili, mizunguko miwili, ikamchosha mno akaomba iachwe. Alikuwa anatolewa maji kila baada ya siku kumi hivi, na morofini ya maji ya kunywa ilimsaidia kulala. Mwisho wa Juni nilienda kumtoa damu ya hemoglobini nyumbani, alikuwa amelegea lakini akili iko, akamwonyesha mama mdogo kwa kidole ule mto, kijidaftari kilikuwa chini yake. Akataka nimwandikie namba ya leo. Nikamwambia baba, leo sijapima ile, haitabadilisha chochote tunachokufanyia. Akafikiri, akaniambia basi andika tarehe tu. Nikaandika tarehe, kwenye safu ya namba nikaacha wazi. Alifariki wiki ya pili ya Julai.